Njia Isiyo na Mahali pa Kupisha

Kabla ya bustani ile sikuwahi kuona mtu mzima wa Kisii akitembea bila kwenda mahali. Na sisi tunatembea sana. Tunakwenda soko la Daraja Mbili na mkungu wa ndizi kichwani, tunakwenda kanisani, tunakwenda matangani, tunakwenda kumtafuta ng'ombe aliyekata kamba. Ukikutana na mtu njiani atakuuliza unakwenda wapi, na lazima uwe na jibu. Asiye na jibu ni mwizi au amerukwa na akili, na kwa vyovyote vile watu watapita shambani kuangalia kama mahindi yao bado yapo.

Kisha mwenyekiti wa kamati ya bustani alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo. Alirudi na koti refu la mvua na habari kwamba kule kuna bustani kubwa kando ya maji, katikati ya mji, yenye njia zinazozunguka miti, na kwamba watu wenye akili zao timamu huingia humo jioni, hutembea, kisha hurudi pale pale walipoanzia.

"Wanafuata nini?" mzee mmoja alimwuliza mkutanoni. Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Hewa," mwenyekiti akajibu.

Sisi tunaishi juu ya vilima ambako hewa hung'oa mabati. Lakini wazee walitikisa vichwa vyao kukubali, kama watu walioambiwa jambo lililokuwa limefichwa muda mrefu, na bustani ikapitishwa.

Walichukua ardhi yote ya mteremko, kutoka chini ya barabara mpaka mtoni, na kwa upande wa kushoto hadi kwenye mikaratusi. Ilikuwa ardhi ya mji, hilo silikatai. Ila ndani yake kulikuwa na chemchemi yetu. Maji yake yanatoka kwenye mwamba, na wanawake waliotutangulia waliyatega kwa ganda la mgomba, likichakaa unaweka jingine, nayo yanatiririka safi mpaka kwenye debe. Kutoka mlangoni kwangu njia ilishuka moja kwa moja. Nilikuwa naweza kuweka ugali motoni, nikateka maji, nikarudi kabla haujaungua.

Njia hiyo ililimwa ikapandwa maua. Mahali pake wakachimba njia ya matembezi, ikamwagiwa changarawe nyekundu ya maramu. Ilikuwa duara. Lango lilikuwa juu, karibu na barabara, na chemchemi ilibaki chini kabisa, upande wa mto. Kutoka langoni unaweza kushika mkono wa kulia au wa kushoto, utafika, lakini utafika ukiwa umeonyeshwa kila mti wa mji huu. Mwenyekiti alisema njia ilikunjwa makusudi ili mtembeaji asichoke na mandhari. Mtembeaji aliyekuwa akifikiriwa hakuwa na debe kichwani.

Siku za kwanza watu walikata kona, kama mtu yeyote anayeona anakokwenda. Mwenyekiti akakasirika. Akaweka waya wa seng'enge pande zote mbili za njia, kufikia kifuani, mwanzo mpaka mwisho, na nje ya waya akasimamisha mbao za kukataza kukanyaga nyasi. Nyasi, katika nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakisimama nje ya ua kutwa nzima wakizitazama, na sioni kwa nini nisiseme kwamba wao ndio waliokuwa wageni wa kwanza kuifurahia ile mandhari.

Askari wa langoni walimtoa upande wa ziwa, makusudi, mtu asiye na shangazi wala shemeji hapa, ili asimwonee mtu huruma. Alikuwa na filimbi na kigoda.

"Mama, unaenda wapi?"

"Chemchemi."

"Pita njia ya matembezi."

"Naiona chemchemi kutoka hapa, ndugu yangu. Nikitema mate yanafika."

"Hata mate yapite njia ya matembezi."

Alisema bila ubaya. Ndivyo alivyoambiwa.

Nilikuwa na mtoto wa kwanza, ndiyo kwanza ameanza kula uji. Alikuwa ameharisha sana wakati wa mvua, na nesi wa zahanati alinikalisha chini akanieleza kwamba maji ya mto yanapitia choo cha soko na machinjio kabla ya kunifikia mimi. Alisema niteke ya chemchemi na bado niyachemshe. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nilichora viini vya magonjwa kwa penseli nikapewa alama nzuri. Basi shida yangu ilikuwa moja tu, na naomba msomaji aishike mpaka mwisho kwa sababu kamati haikuishika hata mara moja: nilitaka maji ya chemchemi yamfikie mtoto wangu.

Kuzunguka kwenyewe ningekuvumilia. Kwetu ni Ekerenyo, nimebeba majani ya chai vilima vizima nikiwa bado msichana. Kilichonishinda ni baba mkwe.

Asiye wa kwetu lazima aelezwe. Kuna kitu tunakiita chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Hatupeani mkono. Simwangalii usoni wala hanitaji. Tukikaribia kukutana njiani, mimi ndiye ninayetoka, naingia kwenye majani, nageuza mgongo mpaka apite. Kanisani tuliambiwa tuache mila za giza, tukaziacha nyingi, na pombe ya wimbi tukaificha. Hii hakuna aliyeigusa, hata mchungaji. Na kusema kweli haikuwahi kunisumbua. Njia zetu zote zina majani pembeni. Nadhani ndiyo sababu zina majani.

Sasa baba mkwe alikuwa mjumbe wa kamati. Mwenyekiti alikuwa ameagiza wajumbe wawe mfano kwa umma, watembee bustanini kila siku, nao wakagawana. Mzee wangu alipewa asubuhi. Alivaa kofia na koti la Sabato akashika fimbo, akaanza kuzunguka na uso wa mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa napanda na debe limejaa, nimeshika upande wa kulia, naye akatokea kwenye kona. Waya huku, waya kule. Hakuna pa kutokea. Akakohoa, ndivyo baba mkwe anavyosema nimekuona. Nikageuka nikarudi chini. Yeye ni mtu wa adabu, naye akageuka akarudi juu. Alipofika langoni akafikiri, ngoja nimwachie mkamwana upande wa kulia, nishike wa kushoto. Mimi nilipofika chemchemi nikafikiri, ngoja nimwachie mzee upande wa kulia, nishike wa kushoto.

Tukakutana kwenye mikaratusi.

Akakohoa tena. Nikageuka tena. Maji yakanimwagikia mgongoni. Nikarudi upande wa kulia nikijua sasa nimemwachia wa kushoto, na yeye, kwa heshima zake zote, alikuwa ameniachia mimi wa kushoto. Mara ya tatu hakukohoa, aliguna tu.

"Mama," askari aliniambia nilipotoka hatimaye na debe nusu, "wewe na yule mzee mnafanya mazoezi ya mashindano?"

"Yule ni baba mkwe wangu."

"Sasa mbona hamsalimiani?"

Nikamweleza. Akafikiri.

"Huyo aliyejenga hii njia," akasema, "yeye hana mkwe?"

Nilijaribu alfajiri, lango lilikuwa bado limefungwa. Nilijaribu mchana, jua la mchana na mtoto mgongoni vikanishinda. Jioni zilikuwa za wajumbe wengine, ambao si baba wakwe zangu lakini ni baba wakwe wa majirani zangu, kwa hiyo jioni waliokuwa wakikimbia ni hao majirani. Ungesimama barabarani ungeona wanawake wanazunguka upande huu na wazee wanazunguka upande ule, wote wakikimbia mbio za heshima. Mwenyekiti alipita na gari akaona, akafurahi. Alisema umma umeanza kuelewa.

Nilimwambia mume wangu. Anafundisha shule ya msingi huko Nyansiongo, anarudi Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Alisikiliza akiwa amevua viatu.

"Nimwambie baba nini? Kwamba unamkimbia?"

"Mwambie atembee saa nyingine."

"Nitamwambiaje bila kukutaja? Nikikutaja nimekuleta mbele yake. Ni aibu."

"Basi mwambie kamati ikate waya pale kwenye njia ya zamani."

"Huo waya umetoka Nairobi," akasema, kama vile nimemwomba amchinje mgeni.

Mama mkwe alikuwa wazi zaidi. "Mkamwana, mto upo. Mume wako alikunywa humo na hakufa."

"Wengine walikufa, mama."

"Hao walikufa kwa mambo yao."

Nikaenda mtoni. Niliyachemsha yale maji mpaka kuni zikaisha, nikayafunika. Siku moja nimekwenda Daraja Mbili kuuza ndizi, mtoto akalia kiu, nyanya yake akamchotea kutoka mtungini, yale mabichi, kwa upendo. Usiku ule na siku zilizofuata sitaki kuzieleza. Macho yalimwingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama. Nesi alinigombeza mbele ya watu wote waliopanga foleni.

"Wewe si umesoma? Nilikwambia maji ya wapi?"

Nikasema kuna bustani. Akaniangalia kama vile nimeanza kuweweseka.

Mtoto alipona. Mimi sikupona. Tangu hapo kila nilipoona mtu anatembea kwa starehe nilitaka kumrushia gunzi.

Wakati huo kamati ilikuwa inatayarisha ufunguzi. Mgeni wa heshima angetoka mbali, mtu mkubwa, asiye wa kabila letu. Siku yenyewe iliwapa tabu. Wajumbe Waadventista walikataa Jumamosi. Wakatoliki walikataa Jumapili asubuhi. Siku za kazi mgeni hakuwa na nafasi. Ikabaki Jumapili mchana, saa ambayo mvua ya Kisii hunyesha bila kuomba ruhusa ya kamati.

Mwenyekiti alikuwa na wazo. Wakubwa wangeshuka na mgeni upande wa kulia wa njia. Wanawake wangetangulia kusimama chemchemini na mitungi ya udongo vichwani, ile ya zamani, ingawa sote tulikuwa tunatumia madebe, kisha wangepanda kwa upande huo huo wakiimba, wakutane na mgeni katikati, kwenye kona yenye mandhari. Angepigwa picha hapo, utamaduni nyuma yake na mto chini yake.

Alinijia mimi nyumbani. Alisimama uani akasema, "Dada, wewe umesoma. Nichagulie wanawake wenye adabu. Sitaki vurugu. Nataka wanawake wanaojiheshimu."

Nilimtazama. Huyu mtu alizaliwa hapa. Amenyonya hapa, ameoa hapa, ana wakwe kama mtu mwingine. Miezi kadhaa tu ng'ambo, na chinsoni imemtoka kichwani kama maji kwenye debe bovu.

"Wanaojiheshimu kabisa?" nikamwuliza.

"Kabisa."

"Nitakuletea."

Nikapita nyumba kwa nyumba nikachagua wake wa watoto wa wajumbe. Wote. Yule wa mzee wa kanisa, yule wa mwenye kinu cha kusaga unga, wale wawili wa mzee wa mtaa, na mimi mwenyewe nikasimama mbele. Niliwaambia tutakutana na nani na wapi. Mmoja, mcheshi wetu, mke wa mtoto wa mwenye kinu, akauliza, "Na tukikutana nao?"

"Tutajiheshimu," nikasema.

Jumapili ikafika. Mvua ikasubiri hotuba ya kwanza iishe, hiyo nayo ni adabu, kisha ikaanza. Mgeni wa heshima alikuwa mnene mchangamfu, alifunguliwa mwavuli. Wakaanza kushuka. Mgeni na mwenyekiti mbele, baba mkwe nyuma yao kwa sababu asubuhi zake zilimfanya aijue njia kuliko wote, wajumbe wote wakifuata, kisha bendi ya shule na tarumbeta zake, kisha umma. Sisi tukaanza kupanda na mitungi, tunaimba.

Kwenye kona yenye mandhari tukaonana.

Wimbo ukakatika kama uzi. Tukageuka sote kwa pamoja tukawapa migongo, tukavuta leso juu ya vichwa. Nyuma kule wajumbe nao wakageuka, wakajikuta wanatazamana na tarumbeta. Bendi haikuwa na habari, ikaendelea kupiga na kusukuma. Waya huku, waya kule. Mvua ikaongeza.

"Kumetokea nini?" nilimsikia mgeni akiuliza.

Nadhani ndipo mwenyekiti alipokumbuka kwao ni wapi.

"Mbona wamenuna? Nimewakosea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni... ni heshima."

"Heshima yenyewe inaelekea upande gani?"

Mzee wa kinu akaamua kujiokoa. Akapanda waya. Mguu mmoja ulivuka, suruali haikuvuka. Akabaki pale juu, suruali yake ya harusi imeshikwa na seng'enge ya Nairobi, mkamwana wake yupo chini kidogo, na mkamwana yule anatetemeka mabega mpaka mtungi unagonga. Niliomba Mungu asicheke. Alicheka.

Askari akaja mbio na filimbi mdomoni, akasimama katikati, kati ya migongo ya wazee na migongo yetu. Nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Askari," baba mkwe akasema, akiwatazama wapiga tarumbeta, "mwambie huyo mwenye mtungi wa mbele awarudishe wenzake."

"Mama, mzee anasema mrudi."

"Mwambie mzee tukirudi tutapanda upande ule mwingine, na tutakutana tena. Yeye anajua."

"Mzee, anasema mtakutana te..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kofia yake, nilisikia yanavyodondoka. "Mwulize, zamani walikuwa wanapitia wapi?"

Nikapaza sauti. "Mwambie hapo kushoto kwake, penye maua. Mwambie mjukuu wake alikaribia kufa kwa maji ya mto kwa sababu ya waya huu. Mwambie hivyo hivyo."

Askari akamgeukia. "Mzee, anasema..."

Mzee hakusema amesikia. Askari akalazimika kulirudia neno kwa neno, kwa Kiswahili chake cha ziwani, polepole, mbele ya mgeni wa heshima na wanafunzi wa bendi. Kwa mara ya kwanza mtu alilisema jambo hilo kwa sauti mbele ya kamati, na ilibidi awe mtu asiye na shangazi hapa.

"Leteni koleo," akasema baba mkwe.

"Mzee," mwenyekiti akaanza, "waya huo..."

"Leteni koleo. Au unataka Mheshimiwa alale hapa?"

Wakakata. Wakaukata waya wa kushoto pale penye maua, wajumbe wakatoka mmoja mmoja wakiyakanyaga maua na nyasi, mzee wa kinu akashushwa, mgeni akapita kutusalimu akacheka mpaka akakohoa. Askari aliirudisha filimbi mdomoni. Hakuipuliza.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Nilitarajia, mjinga mimi, kwamba watazungumzia maji. Mume wangu aliniletea habari: wameamua pengo lisizibwe, na upande wa chini kwenye chemchemi likatwe jingine, ili wazee wapate pa kupishia bila kuharibu mavazi. Suruali ya mzee wa kinu ilijadiliwa kwa kirefu. Mwenyekiti alipendekeza pengo lipakwe rangi na liitwe Lango la Heshima, na wajumbe wakampigia makofi. Mtoto hakutajwa.

"Lakini si umepata njia?" mume wangu akasema.

Nimepata. Mtoto wangu sasa anakimbia, ana kikopo chake cha maziwa ambacho hukijaza penye ganda la mgomba na kukimwaga chote kabla ya kufika nyumbani. Tunashuka moja kwa moja katikati ya maua yaliyobaki. Ila nataka iandikwe mahali: alilala siku nyingi na macho yamezama, na hakuna aliyeleta koleo. Suruali ilichanika mara moja, koleo likapatikana papo hapo.

Asubuhi moja mwezi uliopita tulimkuta baba mkwe hapo penye pengo. Mimi nikaingia kwenye nyasi nikageuza mgongo, kama inavyopasa. Mtoto hana chinsoni na babu yake, anaruhusiwa kumzoea anavyotaka. Nilimsikia akimwendea.

"Babu, unaenda wapi?"

Fimbo ikaacha kugonga. Nadhani alikuwa akitafuta jibu.

"Nipe maji," akasema mwishowe.

Nikasikia anakunywa.

"Ni ya wapi haya?" akauliza, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto aliyesimama mbele yake.

"Ya kwenye jiwe," mtoto akajibu.

"Basi kunywa hayo tu," akasema mzee. Fimbo yake ikaendelea kugonga maramu, ikizunguka kuelekea kwenye mikaratusi.

Nilirudi njiani, nikaliweka debe kichwani, nikapanda.